Waliouza, Walionunua na Waliokosa: Rekodi za Usajili za Eastlands

Ukitaka kujua klabu gani ya ligi kuu inajengwa upya, usipoteze nauli kwenda ofisini kwake. Nenda uwanja wa Umeme, Ziwani, msimu wa Koth Biro. Mashindano haya ya mtaani yalianza miaka ya sabini, na hadi leo ndiyo soko la wazi la wachezaji wa Nairobi ingawa hakuna anayeliita soko. Mwishoni mwa mwaka wachezaji wa ligi kuu hurudi kuvaa jezi za mitaa yao, na vijana wasio na klabu hujitokeza wakijua wanatazamwa. Kati ya mashabiki waliojipanga pembeni mwa uwanja husimama makocha na mawakala ambao hawashangilii bao la mtu yeyote. Wao wanahesabu.

Eastlands ni pana. Wengi wetu tunaianzia Muthurwa na kuelekea mashariki: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora, Kayole. Ukiwa na muda wa kubishana utaongeza Mathare na Huruma, na mimi nimeziongeza. Barabara ya Jogoo imepita katikati yake, na kando ya barabara hiyo uko Uwanja wa City, ambako Gor Mahia (K'Ogalo) na AFC Leopards (Ingwe) zimelilia na kuchekea kwa miongo mingi.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na huko kujenga timu upya ni elimu inayojadiliwa mwaka mzima. Klabu inawasajili wakongwe waliomaliza mikataba, kisha inatoa vijana wake wawili watatu wenye matumaini kwa klabu nyingine ili ipate nyota aliyekwisha kukomaa. Au inafanya kinyume: inamwachia nyota, inachukua vijana, na kuwaambia mashabiki wasubiri miaka minne. Eastlands hatuna subira hiyo wala hatubadilishani vijana kwa nyota. Kikosi kinajengwa kwa mchezaji huru, kwa mkopo, au kwa mtoto aliyelelewa nyumbani, na njia zote tatu zina bei yake. Rekodi zinazofuata nimezipanga kwa uzito ninaouona mimi, na shabiki wa Ingwe ana ruhusa ya kununa.

Ghali kuliko wote

Hapa hakuna mjadala. Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa aliyesoma Shule ya Upili ya Kamukunji, aliuzwa na Celtic kwa Southampton Julai 2013 kwa pauni milioni 12.5. Wakati huo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kulipwa zaidi ya hapo kwa mchezaji mmoja. Miaka miwili tu kabla ya hapo Celtic walikuwa wamemtoa Beerschot ya Ubelgiji kwa pauni 900,000. Bei ilipanda karibu mara 14 ndani ya misimu miwili.

Kilichoipandisha zaidi ni usiku mmoja wa tarehe 7 Novemba 2012. Barcelona ilitua Glasgow ikapigwa 2-1, na bao la kwanza lilikuwa kichwa cha Wanyama kutokana na kona. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya kabla yake. Baada ya Southampton akaenda Tottenham mwaka 2016 kwa takriban pauni milioni 11, kisha Montreal mwaka 2020. Machi 2025, akiwa mchezaji huru, alisaini Dunfermline ya Uskoti hadi mwisho wa msimu, chini ya Neil Lennon, yule yule aliyekuwa kocha wake Celtic. Mtu aliyewahi kuweka rekodi ya bei katika nchi ile alirudi huko bila ada.

Tukumbuke alikopitia kabla ya pauni: akademi ya JMJ, Nairobi City Stars, AFC Leopards. Nitarudi kwenye orodha hiyo, kwa sababu ndani yake mna fedha.

Uhamisho uliofia Manchester

Kaka yake, McDonald Mariga, anashikilia rekodi ambayo hakuitaka. Januari 2010 Manchester City ilikuwa imekubaliana na Parma kumnunua, na Nairobi nzima ikaanza kuvaa bluu ya samawati. Uingereza ikakataa kibali cha kazi. Sheria ya wakati huo ilitaka mchezaji awe ametoka nchi iliyo ndani ya nafasi 70 bora za FIFA, na Kenya haikuwa karibu nazo. Hata Waziri Mkuu Raila Odinga aliingilia kati. City wakajiondoa, Inter Milan wakaingia, na saini ikapigwa dirisha la usajili likiwa linakaribia kufungwa.

Mei mwaka huo huo Inter walitwaa ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Mariga alikuwa kwenye benchi Madrid siku Bayern Munich ilipolala 2-0. Kwa hiyo kijana wa Muthurwa aliyenyimwa kibali kwa sababu timu yake ya taifa ni dhaifu alimaliza msimu na medali ambayo Manchester City walikuja kuipata miaka 13 baadaye. (Mwaka 2019 alijisajili chama cha Jubilee, akagombea ubunge wa Kibra akashindwa, lakini dirisha hilo lina sheria zake.)

Kiwanda kikongwe zaidi

Mwaka 1987 Mkanada aitwaye Bob Munro alianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Masharti yalikuwa rahisi na ya ajabu: timu ya watoto ilipata pointi uwanjani, na ilipata nyingine kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro mtaani. Timu iliyofunga mabao mengi na kukwepa ufagio ilijikuta chini ya jedwali. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliipa MYSA tuzo ya mazingira ya Global 500, na sidhani kuna chama kingine cha soka cha Nairobi kilichowahi kutuzwa kwa ajili ya taka.

Kutoka kwenye ligi hizo za watoto ikazaliwa Mathare United, mwaka 1994. Miaka minne baadaye ilibeba Kombe la Moi ikiwa haijapanda ligi kuu. Fikiria klabu zilizokuwa na makampuni na wizara nyuma yake zikitazama kombe likienda mtaa wa mabati kwa vijana ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kununuliwa na mtu. Mwaka 2000 walilibeba tena. Kenya ilipokwenda Tunisia 2004 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, chini ya Jacob Mulee, na kushinda mechi yake ya kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo, 3-0 dhidi ya Burkina Faso, waliopitia Mathare United walikuwa nguzo za kikosi. Titus Mulama alikuwa mmoja wao. Dennis Oliech mwingine, ingawa kufikia hapo alikuwa ameshachukuliwa na Al-Arabi ya Qatar.

Halafu likaja taji la ligi, 2008. Hili naliweka juu ya mengine yote katika rekodi za kujenga timu, na nitaeleza kwa nini. Gor Mahia, AFC Leopards na Tusker zimeshinda ligi mara nyingi, lakini zimefanya hivyo kwa kununua kutoka kila kona, hadi Rwanda, Burundi na Uganda. Mathare walishinda wakiwa na uti wa mgongo uliokulia umbali wa nauli ya matatu moja. Francis Kimanzi, aliyeifundisha klabu hiyo na baadaye timu ya taifa, Harambee Stars, ni zao la MYSA pia. Klabu iliyojizalia wachezaji, ikajizalia na kocha.

Shida ya kiwanda ni kwamba kila mtu anajua mlango wake ulipo. Kijana akifunga mabao manane tayari kuna simu kutoka Dar es Salaam, na klabu isiyo na mdhamini mnene haiwezi kumwambia asiende. Mathare United walishuka daraja, wakasota, wakarudi ligi kuu 2024. Kwa klabu ya asili ile, kurudi kwenyewe ni rekodi ndogo inayostahili makofi.

Klabu iliyouza mfungaji bora ikatoa mwingine

Kariobangi Sharks walipanda ligi kuu 2017. Mgeni wa ligi kwa kawaida hupigania kutoshuka, anasajili wakongwe wenye magoti ya kusaga na kuomba Mungu. Sharks walicheza na vijana, na mwisho wa msimu mshambulizi wao Masoud Juma ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi, mabao 17. Januari iliyofuata alikuwa Cape Town City, Afrika Kusini.

Kwa klabu nyingi hapo ndipo hadithi huisha. Unampoteza mfungaji, unatumia msimu mzima ukitafuta mwingine, kocha anafukuzwa Mei. Sharks walimwinua Eric Kapaito, na mwaka 2018 Kapaito akawa mfungaji bora wa ligi. Klabu moja ya mtaa, wafungaji bora wawili tofauti, miaka miwili mfululizo, na wa kwanza alikuwa ameshauzwa. Mwaka huo huo wakatwaa Ngao ya GOtv, yaani tiketi ya Afrika. Kocha alikuwa William Muluya, mtu asiyependa makuu, na nadhani jina lake lingetajwa mara kumi zaidi kama angekuwa na lafudhi ya Ulaya.

Januari 2019 wakaenda Dar es Salaam kwenye kombe la SportPesa, palipokuwa na vigogo wa Kenya na Tanzania, wakaifunga Bandari 1-0 katika fainali. Zawadi ilikuwa mechi na Everton. Gor Mahia walikuwa wameonja Everton mara mbili: 2017 jijini Dar, wakalala 2-1 siku Wayne Rooney aliporudi kuvaa jezi ya klabu yake ya utotoni, na 2018 Goodison Park, 4-0. Tarehe 7 Julai 2019, Kasarani, Sharks walitoka sare ya 1-1 na Everton na kushinda kwa penalti 4-3. Ilikuwa mechi ya kirafiki, najua, na Waingereza walikuwa ndio wametoka likizo. Lakini bajeti ya mwaka ya Sharks isingelipa mshahara wa wiki wa wachezaji wachache wa upande ule, na matokeo yameandikwa.

Siku hiyo hiyo alifariki Joe Kadenge, mwanasoka maarufu kuliko wote aliyewahi kuzaliwa nchi hii. Magazeti ya Jumatatu yalikuwa na kazi ya kugawa ukurasa wa mbele.

Haraka kuliko zote

Sofapaka ya Elly Kalekwa, mfanyabiashara mwenye asili ya Kongo, ilipanda ligi kuu 2009 na ikatwaa ubingwa mwaka huo huo. Dawa yake ilikuwa kinyume kabisa cha Mathare: wakongwe waliokuwa wanajua ligi, walioachwa na wengine, wakakusanywa haraka chini ya Robert Matano na kuambiwa washinde sasa. John Baraza akamaliza akiwa mfungaji bora. Tangu hapo kila anayepanda daraja na mfuko mzito amejaribu kuiga. Ubingwa wa ligi haujarudi tena kwa Sofapaka.

Shangwe kubwa, mabao machache

Januari 2019 Gor Mahia ilimsajili Dennis Oliech. Alikuwa mchezaji huru, mwenye umri wa miaka 33, ametoka kucheza Nantes, Auxerre na Ajaccio, na alikuwa hajachezea klabu ya Kenya tangu alipokuwa kijana. Picha ya jezi ya kijani ilizunguka simu zote za Kaloleni kabla ya saa sita mchana. Kibiashara saini ile ilijilipa wiki ya kwanza: watu waliokuwa wameacha kwenda uwanjani walikwenda kumwona.

Kwa miguu, hesabu ni nyingine. Mabao yalikuwa ya kuhesabika na kabla mwaka haujaisha mkataba ulikuwa umevunjwa. Simlaumu Oliech. Ukimleta mtu aliyechoka kwa sababu ya jina lake, jina ndilo litakalocheza. Klabu zetu hurudia kosa hili kila dirisha kwa viwango vidogo: anasajiliwa aliyewahi kuwa Stars, aliyewahi kuwa Sweden, aliyewahi kuwa mtu, huku kijana wa miaka 19 aliyefunga Koth Biro yote akipewa jaribio la siku tatu na chai.

Kipigo kilichogeuka saini

Juni 2018, uwanja wa Afraha, Nakuru, Gor Mahia iliifunga Simba 2-0 katika fainali ya kombe la SportPesa. Mmoja wa wafungaji alikuwa Meddie Kagere. Simba hawakulia sana. Walirudi nyumbani, wakapiga simu, na muda mfupi baadaye Kagere akawa wao. Msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 23 akawa mfungaji bora, wa pili akafunga 22 akawa mfungaji bora tena. Kama kuna somo la bure la jinsi ya kujenga timu upya, ni hilo: mchukue aliyekuumiza. Gor walibaki na kombe, na tiketi ya kwenda Goodison bila mshambulizi wao.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni za kamari, na SportPesa, aliyekuwa akizilisha Gor Mahia na AFC Leopards, akaondoka. Jacques Tuyisenge alikwenda Petro de Luanda, Francis Kahata akaenda Simba, nahodha Harun Shakava akaenda Nkana ya Zambia. Mashabiki wakachanga kwa simu. Na bado, chini ya Steven Polack, K'Ogalo walikuwa kileleni ligi iliposimamishwa kwa sababu ya korona, wakatangazwa mabingwa wa 2019/20, taji la nne mfululizo. Wapo wanaosema ubingwa ule ulikuwa wa nusu msimu. Mimi naona ndio mgumu kuliko yote manne, maana katika matatu ya kwanza walilipwa mishahara.

Adhabu iliyozaa kikosi

AFC Leopards hawajashinda ligi tangu 1998. Kuna mashabiki wa Ingwe wenye watoto wa shule ya upili ambao hawajawahi kushangilia ubingwa wakiwa watu wazima. Mwaka 2021 FIFA iliwafungia kusajili kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuwafanyia kazi, akiwemo kocha Mnyarwanda Cassa Mbungo. Gor nayo ilikuja kupigwa marufuku ya aina hiyo kwa sababu za aina hiyo.

Kocha Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuipa Simba ubingwa, alijikuta na klabu kubwa isiyoruhusiwa kununua hata mlinda lango wa akiba. Akashuka kwa vijana wa klabu, akawapandisha. Hawakuleta kombe. Lakini kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Ingwe ilikuwa na kikosi ambacho wastani wa umri wake haukuwafanya mashabiki waulizane kuhusu pensheni, na baadhi ya vijana wale wakawa mali ya kuuzika. Inachekesha na kuudhi kwamba ilibidi adhabu kutoka Zurich iwalazimishe kufanya jambo ambalo Kariobangi wanalifanya kwa hiari.

Mabao 27

Kwa miaka 47 rekodi ya mabao katika msimu mmoja wa ligi ya Kenya ilikuwa 26, ya Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia, 1976. Msimu wa 2022/23 Elvis Rupia alifunga 27. Alikuwa amevaa jezi ya Kenya Police, lakini kabla ya hapo alikuwa mfungaji wa AFC Leopards, aliyeondoka kwenda Saudia wakati Ingwe ikizama kwenye madeni. Aliporudi Kenya, hakurudi pango la chui. Baada ya rekodi akaenda Tanzania, kama ilivyo ada.

Polisi wenyewe walipanda ligi kuu 2021 na kuwa mabingwa 2025. Walinunua vizuri, na timu ya idara ya serikali ina silaha ambayo klabu ya mtaa haina: mchezaji akiumia goti, pengine bado ana kazi Jumatatu.

Wa kwanza

Doreen Nabwire alikulia Korogocho na kufunzwa MYSA, na ndiye anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kucheza soka ya kulipwa Ulaya, alipokwenda Werder Bremen ya Ujerumani. Hakuna ada ya uhamisho ya kuvunja rekodi hapa. Wakati huo soka ya wanawake haikuwa na ada za kuzungumzia. Kwa wanaume, Johanna Omolo wa Dandora naye alidumu Ubelgiji zaidi ya mwongo mmoja, Antwerp na Cercle Brugge zikiwemo, na akaanzisha wakfu wa watoto kule kule Dandora. Kati ya wote waliotajwa humu, yeye ndiye ningemkabidhi kamati ya usajili.

Mbali kuliko wote

Na besiboli yenyewe? Kwa Afrika Mashariki ni habari ya Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda fainali za dunia za watoto Marekani wakanyimwa viza kwa sababu ya hati za kuzaliwa zilizogongana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Na 2022 Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa kizazi cha 2011 kilichozuia safari kilikuwa karatasi. Ishikilie hiyo hadi aya inayofuata.

Fedha nyingi zaidi zinazoweza kupotea

Tangu 2001 FIFA ina kanuni ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, hadi asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni robo ya asilimia, na kwa kila mwaka wa 16 hadi 23 ni nusu ya asilimia. Chukua bei ya Wanyama, pauni milioni 12.5. Mwaka mmoja wa malezi ya mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 31,250. Mwaka mmoja wa kijana wa miaka 16, pauni 62,500. Klabu ya mtaa iliyomsajili mtoto rasmi kuanzia miaka 12 hadi 15 ingedai pauni 125,000 kwa uhamisho ule mmoja. Kwa fedha hizo uwanja wa vumbi unapata nyasi, taa na choo.

Sasa tazama jinsi tunavyojenga timu. Mikataba ya ligi yetu ni mifupi, na anayesubiri hadi imalizike huondoka akiwa huru. Asilimia 5 ya ada ambayo haikulipwa ni sifuri. Klabu kubwa inayojisifu kwa kusajili wachezaji huru watano imeokoa fedha zake, na imefunga mfereji ambao ungefika hadi uwanja alikoanzia kijana. Kuna fidia ya mafunzo pia, inayodaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na hiyo haihitaji ada ya uhamisho. Lakini zote mbili zinahitaji kitu kimoja: ushahidi kwamba mtoto alisajiliwa, klabu gani, kuanzia lini hadi lini. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, na mfumo unasoma kumbukumbu za shirikisho la nchi. Jina lisipokuwamo, mtoto huyo kwa FIFA hakuwahi kupita kwako.

Kwa hiyo, kocha wa Jericho, wa Umoja, wa Kayole, wa Huruma: msajili mtoto kwenye mfumo wa shirikisho kabla hajatimiza miaka 12. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa. Tunza orodha ya kikosi ya kila msimu, yenye tarehe na muhuri. Na wakala akija Koth Biro na bahasha akimtaka kijana wako aondoke "huru", muulize kwanza hiyo asilimia 5 itapatikana wapi.